Nyota Inayotikisika: Historia ya Kupatikana kwa Sayari Kubwa za Mbali

Mwaka 2019 Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia, ukiadhimisha miaka 100 tangu kuanzishwa kwake, ulizigawia nchi zaidi ya 100 nyota moja moja, ili kila nchi ichague jina la nyota yake na jina la sayari inayoizunguka. Tanzania iliipa nyota yake jina Mpingo, na sayari ikaitwa Tanzanite. Wenzetu wa Kenya waliita nyota yao Kalausi, neno la Kijaluo la upepo mkali wa kisulisuli, na sayari yake wakaiita Buru, yaani vumbi. Zote mbili, Tanzanite na Buru, ni sayari kubwa za jamii ya Mshtarii, ile ambayo vitabu vya shule huiita pia Jupita, na kila moja inaizunguka nyota yake kwa siku tatu kasoro kidogo.

Washarika wengi hawajasikia habari hizi. Wanaozisikia hutuuliza maswali mawili. La kwanza: nani amefika huko hata akaiona? La pili huulizwa kwa sauti ya chini zaidi, mara nyingi na vijana wa kipaimara: je, Biblia inajua habari za sayari hizo?

Swali la pili tunaweza kulijibu kwa ufupi. Biblia haikuandikwa ili itupe orodha ya sayari. Sura ya kwanza ya Mwanzo inaeleza kazi ya jua na mwezi, kisha inazitaja nyota zote kwa maneno machache mno, kama mgeni anayekumbuka jambo akiwa ameshafika mlangoni. Mtunga Zaburi anatosheka kusema kwamba Mungu anajua hesabu yake na majina yake. Aliyeumba Mshtarii hakushindwa kuumba nyingine elfu kadhaa, nasi hatuoni hapo jambo la kumnyima Mkristo usingizi.

Swali la kwanza ni gumu zaidi, na kwa kweli linatuhusu zaidi sisi watu wa kanisa. Jibu lake ni historia ya ushuhuda: nani aliona, alijuaje kwamba ameona, na alifanya nini alipotambua kwamba hakuona.

Tuanze na ugumu wenyewe. Sayari haina mwanga wake. Jua letu likitazamwa kutoka mbali linang'aa kuliko Mshtarii takribani mara bilioni moja. Kuitafuta sayari kando ya nyota yake ni kama kumtafuta kimulimuli kando ya taa za lori linalokujia usiku. Kwa hiyo watafiti waliacha kuitafuta sayari wakaitazama nyota. Mzazi anapomshika mtoto mikono na kumzungusha uwanjani, mtoto ndiye anayeruka duara kubwa, lakini miguu ya mzazi nayo haitulii. Sayari kubwa huifanyia nyota yake vivyo hivyo. Mshtarii hulisogeza Jua letu kwa mwendo wa mita 12 na kidogo kwa sekunde, kama baiskeli iliyoachiwa mteremkoni, na mzunguko mmoja huchukua karibu miaka 12. Nyota inapotujia, mwanga wake hubadilika rangi kidogo sana kuelekea bluu, na inapotuacha huelekea nyekundu, kama king'ora cha gari la wagonjwa kinavyobadilika sauti kinapotupita. Kazi ni kuupima huo "kidogo sana".

Hapa hatuna budi kumtaja mmoja wa watu wetu. Johannes Kepler alizaliwa mwaka 1571 kusini mwa Ujerumani, akasomea theolojia Tübingen akitaraji kuwa mchungaji wa Kilutheri, lakini kabla hajamaliza akapelekwa Graz kufundisha hesabu. Baadaye alirithi vipimo vya mwendo wa Mirihi vilivyoachwa na Tycho Brahe wa Denmark, naye Mlutheri. Kepler alitengeneza hesabu ya njia ya Mirihi iliyokubaliana na vipimo hivyo, isipokuwa kwa tofauti ya dakika 8 za nyuzi, kiasi cha robo ya upana wa mwezi mpevu. Mtu mwingine angefumba macho. Kepler alijua kwamba Tycho hakuwa mtu wa kukosea kiasi hicho, akaitupa hesabu iliyomgharimu jasho jingi, akaanza upya. Dakika hizo 8 ndizo zilizomfikisha kwenye kitabu chake cha mwaka 1609, kinachoonyesha kwamba njia ya sayari ni duaradufu, si duara kamili. Mwaka 1619 akatoa kanuni inayounganisha muda wa mzunguko na umbali. Hadi leo, mtafiti akijua siku za mzunguko wa sayari na uzito wa nyota yake, anaitumia kanuni hiyo kujua zimeachana kiasi gani.

Huyo huyo Kepler, alipohamia Linz mwaka 1612, alinyimwa Chakula cha Bwana na mchungaji wake, Daniel Hitzler, kwa sababu hakukubali kutia sahihi ungamo letu la Konkodia pasipo kutaja shaka yake juu ya fundisho moja kuhusu mwili wa Kristo. Alikata rufaa Stuttgart, akashindwa. Alifariki mwaka 1630 akiwa bado Mlutheri. Sisi tuliosomeshwa Konkodia chuoni, na tunaoipenda, hatuna sababu ya kuificha habari hii. Mtu aliyeshindwa kuyafumbia macho makosa ya dakika 8 angewezaje kuandika jina lake chini ya sentensi ambayo moyo wake haukuisema?

Miaka mia tatu na zaidi ikapita. Mwaka 1952 Otto Struve, mwanaastronomia mzaliwa wa Kharkiv aliyehamia Marekani, aliandika makala fupi yenye swali la ajabu: nani amesema sayari kubwa lazima ikae mbali na nyota yake? Ikiwa karibu nayo mara 50 kuliko Dunia ilivyo karibu na Jua, itazunguka kwa siku moja hivi, na kama ni nzito vya kutosha itaitikisa nyota kiasi cha kupimika hata kwa vifaa vya wakati ule. Tena, ikipita mbele ya nyota, mwanga utafifia kidogo. Njia zote mbili zilizokuja kuleta mavuno zimo katika makala hiyo. Ilisomwa, ikawekwa rafuni. Kila mtu alikuwa na mfano mmoja tu wa nyumba, yaani hii yetu, ambamo wadogo hukaa karibu na moto na wakubwa hukaa mbali. Hakuna aliyedhani majirani wanaweza kuishi tofauti.

Wakati huo Peter van de Kamp, Mholanzi aliyefundisha Chuo cha Swarthmore huko Pennsylvania, alikuwa ameshapiga picha za nyota ya Barnard tangu mwaka 1938. Nyota hiyo ni jirani yetu, umbali wa miaka ya nuru 6 tu. Mwaka mmoja wa nuru ni karibu kilomita trilioni 9.5. Mwaka 1963 alitangaza kwamba inatikiswa na sayari yenye uzito wa mara 1.6 ya Mshtarii, inayozunguka kwa miaka 24. Habari ikaenea na kuingia vitabuni. Mwaka 1973 George Gatewood na Heinrich Eichhorn walipima picha za darubini nyingine, wasione mtikisiko wowote. Mwaka huo huo John Hershey, aliyefanya kazi katika kituo kile kile cha van de Kamp, alionyesha kwamba nyota nyingine nayo ilionekana kuruka kwa namna ile ile, miaka ya 1949 na 1957, wakati lenzi ya darubini ilipofanyiwa marekebisho. Kilichotikisika kilikuwa darubini.

Van de Kamp hakukubali. Alifariki Mei 1995 akiiamini sayari yake. Hatumcheki, aliyekesha robo ya karne kwa ajili ya jambo moja ni vigumu kumwambia kwamba jambo hilo halikuwepo. Lakini baada yake wenye darubini wakawa waoga, na mtu aliyesema anatafuta sayari za nyota nyingine alitazamwa kwa jicho la pembeni.

Waliothubutu walikuwa Wakanada wawili, Gordon Walker na Bruce Campbell wa Chuo Kikuu cha British Columbia. Waliupitisha mwanga wa nyota ndani ya gesi ya haidrojeni floridi, gesi ya sumu inayokula hata kioo, ili gesi hiyo iache alama zake katika mwanga, na alama hizo ziwe kama rula isiyosogea. Kwa miaka 12, kwenye darubini iliyo juu ya mlima Mauna Kea, Hawaii, walizipima nyota 21. Mwaka 1988 waliona kitu katika nyota ya Gamma Cephei, wakakisema kwa tahadhari. Mwaka 1992 walirudi nyuma: pengine ni nyota yenyewe inayobadilika, si sayari. Campbell alikuwa ameshaiacha astronomia, kwa kukosa ajira ya kudumu. Agosti 1995 Walker na wenzake waliandika kwamba katika nyota zao hawakupata Mshtarii hata mmoja. Mwaka 2003 kundi jingine, lenye vipimo vya miaka mingi zaidi, lilithibitisha kwamba sayari ya Gamma Cephei ipo. Walikuwa wameiona kweli, wakaogopa kusema zaidi ya walivyojua. Heshima ya kuwa wa kwanza ikawapita. Sisi tunawaheshimu kuliko wengi waliopewa heshima hiyo katika mambo mengine.

Kuna tukio jingine ambalo, ingawa halihusu sayari kubwa, hatuwezi kuliruka. Mwaka 1991 Andrew Lyne na wenzake wa Jodrell Bank, Uingereza, walitangaza sayari inayozunguka pulsa, yaani mabaki ya nyota iliyolipuka, kwa muda wa miezi 6. Miezi 6 ni nusu kamili ya mwaka wetu, jambo la kumtia mtu wasiwasi. Na kweli, mwanzoni mwa 1992 Lyne aligundua kwamba ni kosa la kusahihisha mwendo wa Dunia yenyewe: mahali fulani katika hesabu njia ya Dunia ilichukuliwa kuwa duara kamili, karibu karne nne baada ya Kepler! Alikuwa amealikwa kuzungumza juu ya sayari yake katika mkutano mkubwa wa wanaastronomia mjini Atlanta. Alikwenda. Akasimama mbele ya mamia ya wenzake akaeleza kosa lilivyotokea, na kwamba sayari hakuna. Ukumbi mzima ukasimama na kumpigia makofi. Baada yake akapanda Aleksander Wolszczan, ambaye alikuwa na sayari zake mbili ndogo kwenye pulsa nyingine, na hizo zilikuwa za kweli.

Tunaomba msomaji akae na ukumbi huo kwa muda. Katika sharika zetu mtu husimama Jumapili akasema amepona, nasi tunapiga vigelegele. Akirudi baada ya mwezi kusema ugonjwa umerudi, tumemwandalia nafasi gani katika ibada? Hakuna. Hata kipaza sauti hakitafika mkononi mwake. Kwa hiyo anakaa kimya, na ushuhuda wake wa kwanza unaendelea kutembea peke yake, unaingia nyumba hadi nyumba, hadi unamfikia mgonjwa mwingine anayeacha dawa zake. Sisi wachungaji tumewazika watu wa namna hiyo. Hatusemi kwamba Mungu haponyi. Tunaomba kwa ajili ya wagonjwa na tutaendelea kuomba. Tunasema kwamba Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime kila jambo kabla ya kulishika, na Kumbukumbu la Torati linaweka kipimo cha nabii kilicho wazi: je, alilolisema limetokea?

Kipimo hicho ndicho walichojipa wale waliofungua mlango. Walitoka Geneva, mji wa Calvin, nasi Walutheri tutawasamehe. Michel Mayor na mwanafunzi wake Didier Queloz walianza Aprili 1994 kupima nyota 142 kwa mashine mpya iliyofungwa kwenye darubini ya Haute-Provence, kusini mwa Ufaransa. Mayor akaenda Hawaii kwa likizo ya utafiti, akamwachia kijana kazi. Katika majira ya baridi Queloz akaona kwamba nyota moja, 51 Pegasi, iliyo umbali wa miaka ya nuru 50 hivi, haitulii. Alidhani mashine imeharibika, au programu aliyoiandika mwenyewe ina kasoro. Alirudia na kurudia. Nyota iliyumba kwa kiasi cha mita 56 kwa sekunde, huku na huku, kila baada ya siku 4.2.

Siku nne! Mshtarii unahitaji karibu miaka 12. Kwa kanuni ya Kepler, kitu hicho kilikuwa umbali wa kilomita milioni 7.5 tu kutoka kwenye nyota yake, sehemu moja ya ishirini ya umbali wa Dunia na Jua, chenye joto la nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi. Uzito wake haukupungua takribani nusu ya ule wa Mshtarii. Tunasema "haukupungua" kwa sababu kipimo hiki hakijui njia ya sayari imelala kwa pembe gani, hivyo hutoa kiwango cha chini tu.

Machi 1995 nyota ilipotea nyuma ya mwanga wa Jua. Wangeweza kutangaza, wengi wangetangaza. Wao walipiga hesabu ya mahali ambapo mtikisiko unapaswa kuwa itakapoonekana tena, wakangoja hadi Julai. Usiku wa kwanza ukakubaliana na hesabu, wa pili ukakubaliana, na wa tatu pia. Ndipo wakala keki pamoja na familia zao. Tarehe 6 Oktoba 1995, mjini Florence, Italia, walisema.

Siku chache baadaye Geoffrey Marcy na Paul Butler, wakiwa Lick, California, waliipima nyota hiyo usiku nne mfululizo, wakakiri kwamba ni kweli. Hawa walikuwa wamekusanya vipimo vya nyota nyingi tangu mwaka 1987. Vipimo vilikaa kwenye kompyuta bila kuchambuliwa vyote, kwa kuwa hakuna aliyewaza kutafuta mzunguko wa siku chache. Sasa walivichambua, na Januari 1996 wakatangaza sayari kubwa mbili, moja ikizunguka kwa siku 117 na nyingine kwa miaka 3 hivi. Sayari zilikuwa zimelala ndani ya nyumba yao. Struve hakuwepo kuyaona hayo. Alikuwa amefariki mwaka 1963.

Upinzani haukukosekana. Mwaka 1997 David Gray wa Kanada aliandika kwamba 51 Pegasi haina sayari, bali inapumua yenyewe. Mwaka uliofuata, baada ya vipimo bora zaidi, mwenyewe aliandika kwamba dalili alizoziona hazipo tena.

Kuisikia nyota ikitikisika hakukueleza sayari imeumbwaje. Hilo lilikuja mwaka 1999, na safari hii darubini kubwa hazikuhitajika. David Charbonneau, mwanafunzi, pamoja na Timothy Brown, walitumia darubini ya upana wa sentimita 10 iliyosimamishwa kwenye uwanja wa kuegesha magari mjini Boulder, Colorado. Waliielekeza kwenye nyota HD 209458, ambayo ilijulikana kutikisika kila siku 3.5. Kwa saa tatu hivi mwanga wake ulipungua kidogo, chini ya sehemu 2 kwa 100, kisha ukarudi. Sayari ilikuwa imepita mbele, kama Struve alivyosema. Kivuli kikatoa upana, mtikisiko ukatoa uzito, na jibu likawa hili: ni pana kuliko Mshtarii kwa zaidi ya robo, lakini uzito wake ni pungufu yake. Ni gesi iliyovimba kwa joto. Ungepata beseni la kuitosha, ingeelea majini.

Baada ya hapo darubini ya Hubble iliutazama mwanga wa nyota hiyo hiyo ukichujwa na ukingo wa sayari, na ikapatikana sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya mezani. Ilikuwa mara ya kwanza binadamu kuitambua hewa ya sayari ya nyota nyingine. Mwaka 2008 Christian Marois na wenzake walipiga picha za sayari kubwa tatu zikiizunguka nyota HR 8799; ya nne ikaonekana mwaka 2010. Siku ile ile ya Novemba 2008 kundi jingine lilionyesha picha ya sayari ya nyota Fomalhaut. Hiyo ilififia picha hadi picha, na watafiti wa baadaye wanaona kuwa lilikuwa wingu la vumbi linalotawanyika. Darubini ya James Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi mwaka 2021, ilipata mwaka uliofuata kabonidayoksaidi katika hewa ya sayari WASP-39b, yenye uzito unaokaribia ule wa Zohali.

Hata Kalausi ya Wakenya ina habari yake. Mwaka 2000 kundi la Mayor lilitangaza kwamba nyota hiyo ina sayari ya pili, yenye mzunguko wa siku 30 hivi. Mwaka 2002 kundi la Butler liliitafuta, lisiione. Waswisi wakarudia vipimo vyao, wakaiondoa. Mayor na Queloz walipopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2019, pamoja na James Peebles, sayari hiyo iliyofutwa haikuwapunguzia kitu.

Mpingo hauonekani bila darubini. Lakini 51 Pegasi yenyewe huonekana kwa macho matupu, kwa shida kidogo, palipo na giza la kutosha, mbali na taa za mjini. Mwishoni mwa Oktoba, saa tatu usiku, tazameni kaskazini, juu. Mtaona nyota nne zilizofanya mraba mkubwa. Upande wa kushoto wa mraba huo, katikati ya nyota mbili za upande huo na nje kidogo, kuna nukta hafifu. Sayari yake, ambayo sasa inaitwa Dimidium, hamtaiona. Kati ya ibada ya Jumapili na mkesha wa Alhamisi itakuwa imekwisha kuizunguka mara moja.